Majivu Aliyotia Marial Kwenye Maji

Akiru, binti yangu, mama yangu,

Yule mtu wa Kakuma ambaye sisi wote tunamwita Sumu hakutia sumu kwenye kisima chetu. Mimi nilijua siku ileile. Nilijua kabla sijamgusa, na bado nikampiga. Nimemkosea yeye, nimekukosea wewe uliyekua ukiamini uongo wangu, na kuna mama mmoja nimemkosea kuliko nyinyi wote. Nitafika kwake.

Nimeanza na hiyo kwa sababu nikianza na salamu, nitasalimia mpaka karatasi iishe. Sasa hivi ni saa kumi. Wewe uko Kanamkemer kwa nyanya yako unaaga, mama yako anashona kifungo cha sketi yako, na mimi nimekaa nyuma ya nyumba na daftari. Mambo ya godoro, ya vyeti, ya nani akae karibu nawe kwenye gari kesho, mama yako amekwambia mara tatu. Sitarudia.

Jumapili ulisema kitu. Tulikuwa tunakula, ukamwambia mama yako huku unacheka: "Nikianza tu kufundisha huko kambini Kakuma, wa kwanza kutafuta ni yule Sumu. Nataka animulike na hilo jicho lake moja, nimwambie mimi ndiye mtoto wa Ewoi." Mama yako akaweka sahani chini akatoka nje. Wewe ulidhani kichwa kinamuuma. Haikuwa kichwa. Aliniangalia mlangoni, na mimi nikaendelea kutafuna.

Ulikuwa na miaka tisa tulipochimba kile kisima. Kabla ya hapo mama yako alikuwa anafukua mchanga kwenye laga, ule mto mkavu, anangoja maji yajae kikombe kimoja kimoja. Mimi nilikuwa nimetoka Lodwar kwa mafunzo ya wiki mbili ya pampu za mkono. Nilirudi Kakuma na karatasi yenye muhuri na spana kubwa, ile ndefu kama mkono wangu mpaka kiwiko, na watu wakaanza kuniita Fundi. Nilipenda sana hilo jina. Hata nikiitwa kwa mambo mengine nilikuwa nangoja waseme Fundi ndipo niitike.

Mwalimu wetu alitufundisha kwamba kisima si shimo tu. Pembeni unajaza kokoto ili mchanga mwembamba usiingie. Juu unaweka mfuniko wa simiti, unaufunga vizuri kwenye ukuta wa kisima, unaumwagia maji siku saba ukomae polepole, kusudi uchafu wa juu usirudi ndani. Mimi niliweka kokoto nusu. Mfuniko niliumwagia maji siku mbili, jua likaupasua, nikapaka simiti nyepesi juu ya ufa nikaendelea. Haraka ya nini? Nilitaka watu watoke kanisani Jumapili wakute pampu inatoa maji. Ni hiyo tu. Nilitaka wanione.

Na waliniona. Walicheza, mama yako akapiga vigelegele. Halafu kufikia jioni maji yakabadilika. Yalikuwa yanatoka kwenye pampu safi kabisa, unayaweka kwenye mtungi, ukirudi baadaye yamekuwa ya manjano, kesho yake mekundu, na chini kuna tope kama kutu iliyosagwa. Chai ya mama yako ikawa nyeusi kama wino. Blauzi yako nyeupe ya shule ikatoka kwenye beseni na rangi ya bati kuukuu, ukalia. Mchanga tukatafuna na ugali.

Watu wakaanza. Mama Lopeyok, jirani yetu, alikuwa na mdomo mtamu sana kwa matusi. Alikuja na mtungi wake akausimamisha mbele yangu, akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, Fundi."

"Ejok noi, mama."

"Nisaidie kitu kimoja. Hii umetuchimbia tunywe ama tukandike nyumba?"

Wanawake wakaanguka kwa kicheko. Toka siku hiyo wakaniita Fundi wa Uji. Na mimi nilicheka pamoja nao, lakini ndani nilikuwa nachemka.

Marial alikuja wakati huo. Wewe unamkumbuka akiwa chini. Mimi nataka umjue akiwa amesimama. Alikuwa mrefu, Mdinka, na ile mistari ya kwao kwenye paji la uso, mtu wa kuongea polepole. Alikuwa mkimbizi wa Sudan. Walikuwa wanakuja kuchota kwetu, yeye na mke wake, kwa sababu mstari wa bomba la kambi ulikuwa mrefu. Kwao alikuwa amefanya kazi na watu wa kuchimba visima, muda mrefu kuliko wiki zangu mbili. Alionja maji akatema.

"Hadid," akasema. "Mzee, hii maji iko na chuma. Iko ndani ya mawe huko chini. Si mbaya. Inataka tu hewa."

Akanionyesha. Alimimina maji kutoka mtungi mmoja kwenda mwingine, akiwa ameinua mkono juu, mara kumi, yakipiga povu. Halafu akachota majivu ya jikoni, kidogo tu, kati ya vidole vitatu, akatia. Maji yakawa mekundu palepale. Nikaruka nyuma, akacheka. "Usiogope. Ile chuma imetoka nje sasa, itakaa chini." Tukangoja. Tope likalala, akamimina yale ya juu polepole kwenye pipa lenye mchanga, na kule chini kwenye tundu yakatoka maji mazuri, Akiru, maji ambayo unaona vidole vyako ndani.

Lile pipa lililofunikwa gunia nyuma ya jiko, ulilokatazwa kuchezea, ndilo hilo. Ulikunywa maji yake miezi mingi. Mimi ndiye niliyekuwa natia majivu, kwa mkono wangu. Na mimi ndiye niliyelifunika gunia, kwa sababu sikutaka mtu ajue kwamba kisima cha Fundi kimetengenezwa na mkimbizi. Nilimwomba Marial asiseme. Akasema, "Mafi muskila, mzee," hakuna shida, na kweli hakusema.

Lakini siku nyingine alikuja akasimama juu ya mfuniko, akaweka kidole cha mguu kwenye ule ufa. Simiti niliyopaka ilikuwa imebanduka.

"Mzee, chuma haiui mtu. Hii ndiyo inaua. Mvua ikinyesha huko juu, laga ikijaa, maji ya mavi ya mbuzi itaingia hapa."

Nikamwambia maneno haya, nayaandika kama nilivyoyasema: "Kwenu kumekushinda mpaka umekimbia. Sasa umekuja kunifundisha kwangu?"

Akatoa mguu wake pale kwenye ufa. Akachukua mtungi wake akaenda.

Ufa ule ungefungwa na karai moja ya simiti. Nilikuwa na nusu mfuko umekaa ndani ya nyumba. Sikuugusa, kwa sababu kuugusa kungekuwa kumwambia kwamba amesema kweli.

Mvua ilinyesha huko juu. Tarach, ile laga yetu, ikaja imebeba miti na mizoga, ikafika mpaka kwenye miiba ya boma letu, ikakaa siku moja, ikashuka. Baada ya hapo watoto wakaanza kuharisha. Wewe hukuugua sana kwa sababu mama yako alikuwa anachemsha. Lopeyok, yule mtoto mdogo wa jirani, alikauka kwa siku tatu. Macho yaliingia ndani. Nilisaidia kuchimba kaburi lake, nikiwa najua maji ya laga yalisimama wapi, na bado sikufikiria ule ufa. Nakudanganya. Niliufikiria nikaacha.

Siku ya pili baada ya kuzika, asubuhi, Marial alikuja na kopo la majivu. Aliona watu wanaugua, akaona sasa kunyamaza kwa ajili ya jina langu kumetosha. Alikusanya wanawake pale kwenye pampu akaanza kuwaonyesha: mimina hivi, ngoja, mimina kwenye mchanga, halafu chemsha, lazima chemsha. Akatia majivu kwenye mtungi wa mtu. Maji yakawa mekundu.

Mama Lopeyok alikuwa anapita. Hakuwa amesikia maneno yote ya mbele. Aliona mtu mgeni anatia kitu kwenye maji, na maji yanageuka damu.

Sitaki kukuandikia ile sauti. Alirarua shanga shingoni. "Huyu! Huyu hapa! Ndiyo alimpa mwanangu! Nimemwona na macho!" Wanaume wakatoka kila upande na fimbo, wengine na rungu, wengine na mawe. Mimi nilikuwa nyuma ya pampu nakaza nati, spana iko mkononi. Watu wakafanya mduara. Na Marial, Akiru, hakukimbia. Aliniona, na uso wake ukatulia. Kweli kabisa, ulitulia, kama mtu aliyeona ndugu yake kwenye kituo cha polisi.

"Huyu mzee anajua," akawaambia. "Ni hadid, chuma. Hata kwake anatumia. Waambie, mzee."

Wote wakanigeukia. Mama Lopeyok pia. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nikiwaambia ni chuma tu na chuma haiui, watauliza basi kilichomuua mtoto ni nini, na Marial alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa ule ufa. Nilimpiga mdomoni na spana kabla hajaongeza.

Nilisikia meno. Unajua sauti ya mfupa wa mbuzi ukiuvunja kwa jiwe kutafuta uboho. Alianguka kwa magoti, akaweka mkono mdomoni, damu ikapita katikati ya vidole, na bado alikuwa ananiangalia, hajaelewa. Nikapaza sauti: "Nilimwona jana pia akitia!" Basi wakamwingia. Jiwe moja lilimpata kwenye jicho. Mtu alikanyaga mkono wake wa kulia juu ya simiti ile niliyoharakisha, akaupiga na rungu mpaka vidole vikalala kila kimoja upande wake. Mke wake alijitupa juu yake, wakamvuta kwa nywele, wakampiga mgongoni na mitungi iliyojaa maji. Mimi sikusimama kando. Niliendelea. Nilimpiga mbavu, nikampiga mguu, na nakuambia jambo la aibu kuliko yote, kwamba kila nilivyopiga nilizidi kuamini. Kufikia pigo la tano nilikuwa na hasira naye ya kweli, kama vile kweli alikuwa amemuua mtoto.

Askari wa utawala walikuja wakapiga risasi hewani, watu wakatawanyika. Wewe ulikuwa mlangoni. Nilikubeba, spana bado iko na damu, nikakuambia: "Huyu alitaka kukuua. Baba amemzuia." Uliniwekea mikono shingoni. Hiyo ndiyo siku uliyoandika kwenye insha ya shule, na mwalimu akakuambia uisome mbele ya darasa.

Nilienda kituoni nikaandikisha kwamba nilimwona akitia sumu siku mbili mfululizo, nikaweka sahihi. Wakamfunga akiwa bado anavuja damu. Alikaa ndani miezi, halafu wakamwachilia kwa sababu hakukuwa na kitu. Lakini hakuna mtu aliyetangaza kwamba hakukuwa na kitu. Alitoka na jicho moja, mkono uliokufa, na jina jipya.

Wiki ile mama yako aliniambia jikoni, kwa sauti ya chini: "Ewoi, majivu hata wewe ulikuwa unatia. Pipa liko pale." Nilimpiga na mpini wa jembe. Lile kovu kwenye nyusi yake tulikuambia kwamba mkono wa pampu ulimrukia. Pampu haikumrukia. Nilichukua lile pipa nikalipasua na shoka, mchanga nikautawanya. Toka hapo mpaka mwaka juzi mama yako hakuniuliza tena jambo lolote lenye jibu refu. Ulikuwa unauliza kwa nini nyumba yetu haina maongezi. Ni hivyo.

Siku moja watu walipokuwa kwenye mkutano wa chakula cha msaada niliinua ule mfuniko peke yangu. Chini ya ufa, kwenye ukuta wa kisima, kulikuwa na njia ya maji. Ilikuwa imekauka lakini inaonekana vizuri, kama njia ya chozi kwenye uso wenye vumbi, na ndani yake samadi ya mbuzi na majani ya laga. Niliifuata kwa kidole mpaka ilipoingia ndani. Halafu nilichanganya simiti nikaziba, kazi ya nusu saa. Mama Lopeyok alipita akasema, "Kazi nzuri, Fundi. Mungu akubariki kwa ile siku." Alikuwa hanitukani tena. Alikuwa ananiletea maziwa. Niliyanywa, Akiru. Mwezi uliofuata nikawaambia wewe na mama yako tunahamia Lodwar, kuna kazi.

Umeniona hapa Lodwar natengeneza pampu za watu, na unajua ninavyorudia kazi mara mbili, mara tatu, mpaka wenye kisima wananicheka. "Mzee Ewoi anafunga kisima kama anafunga jela." Nilidhani nikifunga visima vya kutosha, kile kimoja kitapungua. Hakipungui. Nikienda kwa nyumba ya mtu nikakuta maji mekundu, huwa namwonyesha ile njia ya Marial, hewa, majivu, mchanga, halafu namwambia nimejifunza kwenye mafunzo. Hata hiyo nimemwibia.

Mwezi uliopita tulienda Kakuma na lori la kazi. Lilisimama karibu na bomba la kambi. Nilimwona. Amezeeka kunipita, na mimi ndiye mkubwa. Anabeba mtungi kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia umekaa kifuani kama kuku amelala. Binti yake alikuwa mbele yake kwenye mstari, mdogo kwako kwa miaka kadhaa, bado wa kusoma shule. Ikafika zamu yake, msichana wa mjini akamsukuma kifuani, mtungi ukabingirika.

"Toto ya Sumu, rudi nyuma! Unataka kushika bomba tufe sisi?"

Yule binti akainua mtungi wake akarudi mwisho wa mstari. Hakubishana. Alirudi kama mtu anayerudi mahali pake. Mvulana akatupa jiwe, likampata Marial mgongoni, hata hakugeuka kuangalia limetoka wapi. Mimi nilijificha nyuma ya gurudumu la lori. Mtu mzima, na mvi kichwani, nimechuchumaa nyuma ya gurudumu.

Kwa hiyo kesho unaenda kufundisha huko. Yule binti anaweza kuwa kwenye darasa lako, au mdogo wake. Watoto wataona vile unavyomwangalia, nao wataangalia hivyohivyo. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu Jumapili ile nikitafuna. Niliona kwamba lile jina nililompa Marial, wewe ndiye ungelipeleka shuleni, ukiwa umelibeba kwa kunipenda.

Sijui kukuandikia ushauri. Mtu kama mimi akishauri inaonekana vibaya. Naweza tu kukuambia nilivyokuwa ndani yangu, maana una damu yangu na una hasira yangu, nimeiona ukigombana na mama yako. Watu husema hasira ilinipanda. Siku ile haikuwa hasira. Ilikuwa woga, na woga ukiwa umevaa nguo za hasira, mwenyewe huutambui. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kwa sababu ulikuwa unamnyamazisha mtu aliyesema kweli. Siku utakapoona mkono wako umekuwa mwepesi hivyo juu ya mtoto wa mtu, weka chaki chini utoke nje, ujiulize huyu mtoto amejua nini juu yako. Na ukifundisha kitu vibaya, waambie palepale kwamba umekosea. Watacheka. Mimi nilichekwa na wanawake wa kisimani, na kwa kukwepa kicheko kama hicho cha pili nimevunja mtu.

Barua hii nitakupa mkononi, ukirudi leo, tukiwa watatu. Mama yako anajua ninachoandika. Nilimwomba msamaha mwaka juzi, akaniambia, "Usianze na mimi, mimi nilikuwa wa mwisho kupigwa." Nimechukua miaka miwili kuelewa alikuwa ananielekeza wapi.

Sikuombi unisamehe, wala usiniambie kwamba ilikuwa zamani. Kwa yule binti kwenye mstari ilikuwa leo asubuhi. Ninakuomba moja tu: ukimwona Marial kabla sijafika, usimwambie wewe ni mtoto wa nani kwa kujivuna. Mwamkie tu, mwite baba.

Nimemwandikia chifu wa Kakuma, na amenijibu kupitia kwa dereva kwamba kuna baraza Jumamosi ya wiki ijayo. Nitapanda gari Ijumaa. Jumamosi saa nne asubuhi nitasimama mbele ya ofisi ya chifu, Marial na mke wake wakikubali kuja, na watu wa mji wakiwepo. Nitatia majivu kwenye maji ya kisima kile mbele ya macho yao, yageuke mekundu, yatulie, nichuje, nichemshe, ninywe. Halafu nitamwambia Mama Lopeyok, nikimwangalia, kwamba mtoto wake aliuawa na ufa nilioujua, na kwamba mtu niliyempiga ndiye aliyenionya. Nikitoka hapo, kama bado natembea, nitaingia kituo cha polisi nifute ile sahihi yangu na kuandika nyingine. Wanaweza kuniweka ndani, mama yako ameshanipangia nguo.

Watu wanaweza kunivamia pale barazani. Hasira ya mama aliyenyweshwa uongo miaka yote hii siijui itakuwa na ukubwa gani. Ukiwepo na wakaanza kunipiga, usipige kelele kwamba mimi ni baba yako na mtu mzuri. Mshike yule binti wa Marial mkono, mtoke naye pembeni. Mimi nitabaki nimesimama pale mpaka nimalize kusema, Jumamosi, saa nne.

Baba yako,
Ewoi